Teknolojia Mpya Husafiri Kwanza kama Abiria

Ukipita kwenye maduka ya simu ya Kariakoo, hutakosa kumwona fundi aliyebadilisha betri ya simu ya mteja, akaweka mpya isiyo na kasoro, na simu ikagoma kuwaka. Betri ni nzima, simu nayo ni nzima; tatizo ni kwamba haziafikiani. Wahandisi wa vyombo vya anga za juu hukabiliwa na shida hiyo hiyo, tofauti ikiwa kwamba chombo kikisharushwa kwa kawaida hakifunguliwi tena.

Mwezi Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipokuwa kinaingia kwenye mzunguko wa sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha pauni ilhali iliyozipokea ilizisoma kwa kipimo cha nyutoni. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ililipuka katika safari yake ya kwanza, hata dakika moja haijatimia. Sehemu ya programu yake ya uongozaji ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri, lakini mwendo wa roketi mpya ulizidi namba kubwa kabisa ambayo programu hiyo iliweza kuihifadhi. Kwa maoni yangu mfano huu wa pili ndio wa kutisha zaidi, maana kifaa kilichozoeleka hugeuka kuwa kigeni pindi kinapohamishiwa kwenye chombo kingine.

Ndiyo maana NASA, shirika la anga za juu la Marekani, huipima teknolojia kwa ngazi 9 za utayari, kuanzia wazo la kisayansi hadi kifaa kilichokwisha kuthibitika safarini, na kifaa kipya mara nyingi hupandishwa kwanza kama abiria, katika safari ambayo haikitegemei. Helikopta ya Ingenuity, yenye uzito wa kilo 1.8, ilifika Mirihi mwaka 2021 ikiwa na prosesa ya aina inayotumika kwenye simu za mkononi. Ilipangiwa kuruka mara 5 tu. Iliruka mara 72, hadi Januari 2024. Hata kama ingeanguka siku ya kwanza, gari la Perseverance lililoibeba lingeendelea na utafiti wake.

Abiria mwingine katika safari hiyo alikuwa MOXIE, mtambo uliotengeneza oksijeni kutokana na hewa ya ukaa ya Mirihi. Katika majaribio 16 ulitoa jumla ya gramu 122, wakati mtu mmoja huhitaji takriban gramu 840 kwa siku. Kanuni yake, basi, imethibitika. Mtambo wa kuhudumia binadamu utalazimika kuwa mkubwa mara nyingi zaidi, ufanye kazi kwa miezi mingi bila fundi, katikati ya vumbi, ukiwa umeunganishwa na chanzo cha umeme, vipoza joto na matangi ya kuhifadhia, na maungio hayo yote bado hayajajaribiwa kwa pamoja huko Mirihi.