Mguu mfupi wa kiti: dhana potofu tunapotoa maoni juu ya muziki uliotokana na mchoro

Rafiki yangu alinitumia kipande cha gitaa cha dakika tatu na nusu, pamoja na picha ya mchoro uliomsukuma kukitunga: kiti cha mbao, koti limetundikwa juu yake, dirisha, basi. Nikasikiliza mara moja nikamjibu mbio mbio: "Kizuri sana. Ila kwenye sekunde ya 40 umeruka pigo moja, rekebisha." Jibu lake lilikuwa fupi: "Hebu kiangalie kile kiti tena." Nikakiangalia. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko mingine.

Kilichoniponza siku ile ni mazoea ambayo wengi wetu tunayo tukiombwa maoni.

Dhana: Kazi ya msikilizaji ni kupima kama muziki unafanana na mchoro

Hii ndiyo mama yao. Mtu anaona bahari kwenye picha, anatega sikio kusubiri mawimbi, na asipoyasikia anasema mtunzi katoka nje ya mada. Lakini muziki hauna namna ya kusema "koti" wala "dirisha". Mtunzi huchukua kitu kimoja au viwili tu kutoka kwenye mchoro, pengine mwendo, uzito, au jinsi mwanga unavyoangukia ukutani, akakihamishia kwenye sauti. Vingine vyote anaviacha palepale.

Mwaka 1907, mjini Paris, mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff aliona nakala ya mchoro wa mchoraji Mswisi Arnold Böcklin: mashua ndogo ikielekea kisiwa cha wafu. Nakala yenyewe ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Kazi ya okestra aliyoitunga kutokana nayo, akaimaliza 1909, mapigo yake kwa sehemu kubwa huhesabiwa matano matano, yanayumba kama kasia linalovutwa kisha likaachiwa. Miamba na miti mirefu ya kisiwani huwezi kuionyesha kwa kidole ndani ya muziki ule. Kasia unalisikia. Tena baadaye alipouona mchoro wa rangi, haukumgusa kama ile nakala. Basi hata ukiulinganisha muziki na mchoro halisi, unaweza kuwa unaulinganisha na kitu ambacho mtunzi hakukiona.

Siku hizi nasikiliza mara ya kwanza bila picha, naandika nilichohisi na dakika nilipokihisi. Halafu ndipo nafungua picha na kusikiliza upya. Pale maelezo ya mara ya pili yanapopishana na ya mara ya kwanza, hapo ndipo pana habari ya kumpa mtunzi. Kama muziki haukusimama mpaka nilipoiona picha, namwambia hivyo hivyo. Huenda ndivyo alivyotaka, kipande kipigwe mbele ya mchoro na si kwingineko.

Dhana: Kisicho cha kawaida ni kosa, na kosa hurekebishwa

Turudi kwenye kiti. Neno "rekebisha" halikuwa na nafasi pale, nakubali. Lakini rafiki yangu naye hakuwa na haki yote, na hapa ndipo penye utamu. Pigo lilikuwa linaruka mara moja tu katika dakika tatu na nusu. Sikio halina njia ya kujua kama mruko wa mara moja ni kusudi au ni kidole kilichoteleza. Ukijirudia mara tatu, msikilizaji anaanza kuutarajia, na kinachotarajiwa hakihesabiwi tena kuwa kosa. Kumbe nilichopaswa kusema ni hiki: "Sekunde ya 40 nilijikwaa. Ulikusudia nijikwae?" Tulipoongea kwa namna hiyo, alikwenda akauweka mruko ule mapema zaidi, akaurudia kila baada ya muda, na kiti kikaanza kuyumba kweli.

Angenitii mwanzoni, angekipa kiti mguu mzima.

Yameshatokea makubwa kuliko hayo. Mtunzi Mrusi Modest Mussorgsky alitunga mfululizo wa vipande vya piano mwaka 1874, baada ya kutembelea maonyesho ya kazi za rafiki yake msanii Viktor Hartmann, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kimojawapo ni cha mkokoteni wa kukokotwa na maksai. Katika maandishi ya Mussorgsky mwenyewe, mkokoteni unaanza kwa sauti kubwa kabisa, uko mbele ya pua yako, kisha unatokomea. Mussorgsky alifariki 1881. Toleo lililochapishwa 1886, lililohaririwa na mtunzi mwenzake Nikolai Rimsky-Korsakov, linaanza kwa sauti ya chini na kupanda polepole, kana kwamba mkokoteni unatoka mbali. Mtunzi Mfaransa Maurice Ravel alipoupangia okestra muziki huo mwaka 1922 alifuata toleo hilo, na hivyo wengi wanaoujua kwa okestra wanaujua mkokoteni unaokuja. Unapendeza, sibishi. Ila ule wa Mussorgsky ulikuwa ukukanyage vidole kabla hujajua umetokea wapi. Mchoro wenyewe wa Hartmann umepotea, kwa hiyo hakuna pa kwenda kuhakiki. Na mhariri hakuwa adui. Alikuwa rafiki, mjuzi, mwenye nia njema.

Dhana: Maoni yanayojenga ni sifa, kasoro, halafu sifa tena

Mtunzi mzoefu akisikia sifa ya kwanza tu anakaa mkao wa kusubiri kofi, na ile sifa ya mwisho haisikii kabisa. Kusifu peke yake nako tunajua kunakoishia: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naona mpangilio hauna shida kubwa. Shida ni sifa isiyo na anwani. "Inagusa sana" haimsaidii mtu. "Dakika ya pili besi ilipokata nilihisi mtu ametoka chumbani" inamsaidia, kwa sababu anajua sasa ni wapi asipaguse.

Dhana: Ukiona tatizo, leta na dawa yake

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mpenda ngoma nzito ataagiza ngoma nzito, mpenda ukimya ataomba ukimya, na mtunzi akiwasikiliza wote anabaki na kazi ya watu watano. Mwanadansi wa Marekani Liz Lerman alibuni utaratibu wa hatua nne ninaoupenda kwa ukali wake: watazamaji kwanza wanasema kilichowagusa, kisha msanii anauliza maswali yake, kisha watazamaji wanauliza yao bila kuficha hukumu ndani ya swali, na mwisho kabisa ndipo wanatoa maoni, tena baada ya msanii kukubali kuyasikia. Hatua ya tatu ndiyo inayotushinda. "Kwa nini umeweka vinanda vingi hivyo?" si swali, ni malalamiko yenye alama ya kuuliza. "Vinanda vimetoka sehemu gani ya mchoro?" hilo ni swali.

Dhana: Asiyejua muziki akae kimya

Hapana. Ajizuie tu kuandika dawa, kama ilivyosemwa. Kueleza wapi akili ilianza kuzurura hakuhitaji kujua ufunguo wala nota, na mtunzi hana njia nyingine ya kulijua hilo.

Dhana: Masikio yetu yanatosha kulinganisha matoleo mawili

Sauti kubwa kidogo huonekana bora, hata kama hakuna kingine kilichobadilika. Kabla ya kulinganisha, sawazisha sauti za matoleo yote mawili, tena tumia hedifoni au spika zilezile, maana spika ndogo ya simu hainyanyui besi nzito na unaweza kulaumu kitu ambacho hukukisikia.

Haya nayo niliyajua kwa aibu. Yule rafiki wa kiti alinitumia matoleo mawili, na nikaandika aya nzima jinsi la pili lilivyo na pumzi na uhai zaidi. Ilikuwa rekodi ileile. Aliongeza sauti tu, aone nitasema nini.