Ati "sistimu itaamua": maneno ya uongo juu ya hesabu za fazi

Kikundi chetu huku Majengo, Mombasa, mwaka huu kina pesa za mradi mmoja tu na miradi iko miwili, pampu ya kisima na paa la madrasa. Juzi kamati ikaletewa mshauri, kijana mstaarabu na laptopu yake, akatwambia jamani msigombane, tutaweka vipaumbele kwa fazi, sistimu itaamua. Mimi ndo mwandika minitsi, nikalipigia mstari hilo neno, halafu nikakaa wiki mbili nazisoma hizi hesabu usiku. Fazi ni fuzzy ya Kiingereza, hesabu inayokipa kitu daraja kati ya 0 na 1, badala ya kusema ni ndiyo au hapana tu. Walahi njia yenyewe ni nzuri, ila mengi yanayosemwa juu yake si ya kweli.

La kwanza, ati fazi ni kubahatisha kwa kisomi. Mweka hazina wetu, mama ambaye hana mchezo na pesa za watu, aliposikia tu kwamba neno lenyewe maana yake ni kitu chenye ukungu akasema basi hapa tushaibiwa. Hapana. Chenye ukungu ni maneno yetu sisi, "muhimu sana", "muhimu kiasi", lakini hesabu iko wazi, wape watu kumi alama zilezile na kanuni ileile wote watatoka na jibu moja. Aliyeianzisha mwaka 1965 ni Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Berkeley kule Marekani, kisha miaka ya 1970 Ebrahim Mamdani, ambaye kazaliwa hapa jirani Tanzania (hili watu hawalisemi na mimi nitalisema kila nikipata nafasi), akaitumia London kuendesha mtambo mdogo wa mvuke kwa sheria za maneno, yaani presha ikizidi sana punguza moto kiasi, mambo kama hayo. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zikaanza kuendeshwa kwa fazi. Treni ya kubahatisha nani angeipanda?

La pili, ati ni uwezekano tu umebadilishwa jina. Mtu wa Mombasa hili analielewa haraka kwa maji. Nikikwambia kuna uwezekano wa 0.7 kwamba kisima fulani kina chumvi, unaweza ukateka ukaonja ukakuta maji matamu kabisa, manake hatukuwa tunajua ndo sasa tumejua. Lakini nikikwambia maji yale ni ya chumvi kwa daraja ya 0.7 hapo hakuna cha kusubiri, tushaonja, nguo yanafua lakini chai yake huimalizi.

Sasa hii ya tatu ndo iliyonikosesha usingizi, ati sistimu inaamua. Ngoja niwaonyeshe ilivyokuwa. Kila neno linageuzwa namba tatu, ya chini, ya katikati na ya juu. "Kiasi" ikawa 3, 5, 7. "Muhimu" ikawa 5, 7, 9. "Muhimu sana" ikawa 7, 9, 10. Wajumbe wanne wakapiga kura kwa maneno. Pampu, wawili wakasema muhimu sana, wawili wakasema kiasi. Paa, wote wanne wakasema muhimu, basi. Ukitafuta wastani pampu inapata 5, 7, 8.5 na paa linapata 5, 7, 9, halafu unazijumlisha zile tatu unagawa kwa tatu, pampu 6.83, paa 7. Kijana akatangaza paa limeshinda, watu wakaanza kunyanyuka kutafuta viatu.

Nikasema ngojeni kwanza. Hiyo 0.17 imetoka wapi? Katikati wote wana 7. Tofauti yote imetoka kwenye namba ya juu, kwa sababu skeli inaishia 10, "muhimu sana" ingeachwa ifike 11 kama wenzake wanavyopanda mbili mbili basi pampu nayo ingepata 9 kwenye ile ya juu na wangetoka sare. Yaani pampu imeshindwa na ukingo wa skeli! Na hizo 3, 5, 7 hazikuteremka kutoka mbinguni, kazichagua mtu, mwengine angechagua zake.

Halafu kuna kitu wastani umekimeza kabisa. Waliosema muhimu sana ni wale wanaonunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na waliosema kiasi ni wenye tangi juu ya nyumba. Huo si ukungu wa neno, huo ni mvutano wa watu, na ukitumia wastani peke yake watu waliogawanyika na watu waliokubaliana wanaonekana karibu sawa.

Kuna pia wanaoamini kwamba hesabu ikiwa ngumu zaidi ndo sahihi zaidi, hasa wakichanganya fazi na AHP, ile njia ya kulinganisha vitu viwili viwili kwa skeli ya 1 mpaka 9. Thomas Saaty aliyeitunga AHP mwenyewe aliupinga mchanganyiko huo, kwake yeye hukumu za watu zilikuwa na ukungu wa kutosha tayari. Na kuna kanuni moja ya mchanganyiko huo, ya mtafiti aitwaye Chang ya mwaka 1996, inayotumika sana ambayo inaweza kukipa kigezo uzito wa sufuri wakati watu wamekitaja kuwa kina umuhimu wake, sasa sijui hapo umesaidiwa nini.

Ati lazima programu ya bei kali? Hizo hesabu za hapo juu nimezifanya kwa kalkuleta ya simu.

Yule kijana, nimpe haki yake, alizirudia namba mbele yetu akakubali. Mweka hazina akauliza wale wawili wa "kiasi" mara ya mwisho waliteka maji lini. Kimya. Mwenyekiti akamimina kahawa iliyobaki, akanigeukia, akasema andika hivi, uamuzi bado, Ijumaa baada ya swala wajumbe wote wanne wakutane kisimani.