Kava la hadidiski: halifuniki tu, linatafsiri

Neno lenyewe ndilo linaloanza kuwapotosha watu. Nenda Mwanjelwa, hapa Mbeya, sema "naomba kava la hadidiski", na kuna uwezekano mkubwa ukapewa kimfuko cha zipu cha kubebea diski. Unalipa, unapanda bajaji, unafika nyumbani na kukuta hakuna hata pa kuchomeka waya. Muuzaji hajakuibia. Kava kwa Kiswahili chetu cha mtaani ni kitu cha kufunika: kava la simu, kava la kochi, kava la daftari. Kava la hadidiski nalo linafunika, ila katika kazi zake zote hiyo ndiyo ndogo.

Ninalolizungumzia hapa ni kikasha ambacho unaingiza diski iliyotolewa ndani ya kompyuta, unachomeka waya wa USB, na diski ile inafunguka kwenye kompyuta nyingine kama flashi kubwa. Zile eksteno zinazouzwa dukani zikiwa kwenye boksi jipya, nyingi ni kitu hichohicho: diski ya kawaida ndani ya kava, tofauti ni kwamba umefungiwa kiwandani. Nyingine zimetengenezwa tundu la USB likiwa limechomelewa kwenye diski yenyewe, na hizo ukizipasua ukitarajia kuchukua diski ya kuweka kwenye laptopu utaambulia hasara.

Fungua kava tupu utazame. Nje ni plastiki au bati jepesi, kitu cha kawaida kabisa. Ndani, upande mmoja, kuna bodi ndogo nyembamba. Kwenye ukingo wake wa nje kuna tundu la USB. Kwenye ukingo wa ndani kuna mdomo wenye safu mbili za meno ya rangi ya dhahabu, safu fupi ya meno 7 ya kupitisha data na safu ndefu ya meno 15 ya kupitisha umeme. Katikati ya bodi kuna chipu nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukiniuliza kava ni kipi, nitakuonyesha chipu hiyo. Lile bati ni nguo tu.

Mfano ninaoutumia dukani ni wa bibi aliyeshuka kutoka vijijini Rungwe. Anaongea Kinyakyusa peke yake, na mhudumu wa dirishani anaongea Kiswahili peke yake. Bibi ana akili timamu, shida yake anaijua vizuri na vielelezo amevifunga kwenye kitenge. Lakini pale dirishani ni kama bubu, mpaka mjukuu asimame katikati. Diski nayo ina lugha yake, inaitwa SATA, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Tundu lililo ubavuni mwa laptopu yako linaongea USB. Hazisikilizani hata kidogo. Ile chipu ndiyo mjukuu: inapokea ombi kwa USB, inalipeleka kwa SATA, inarudisha jibu, na inafanya hivyo bila kuchoka hata ukikopi usiku kucha.

Ndiyo maana laptopu kufa si sawa na diski kufa. Watu wengi wanalia msiba usio wao.

Julai moja, asubuhi ambayo mikono ilikuwa haikunjuki kwa baridi, alikuja mwalimu wa sekondari kutoka Uyole. Laptopu yake ilikuwa imemwagikiwa chai ya maziwa. Alikuwa ameshaizungusha kwa mafundi wawili na wote wamemwambia mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeungua.

"Fundi, ninachotaka ni alama za wanafunzi tu. Hiyo laptopu hata ukiitupa sawa."

"Mwalimu, alama hazikai kwenye mazabodi."

Nikaigeuza. Skrubu kumi za chini, moja imejificha chini ya kigoma cha mpira kama kawaida yao. Diski ilikuwa kwenye kona ya kulia, mbali kidogo na mahali chai ilipopita. Nikaivuta taratibu kwa mlalo, kwa sababu ukiinyanyua kwa pembe unavunja yale meno. Nikaichomeka kwenye kava, nikachomeka waya kwenye kompyuta yangu. Taa ya bluu ikawaka. Ukiweka kiganja juu ya diski ya kuzunguka wakati inaamka unaisikia, mtetemo mdogo kama wa simu iliyo mfukoni. Baada ya sekunde chache skrini ikaonyesha herufi mpya ya diski. Tulipofungua folda yenye jina lake, Windows ikasema hatuna ruhusa. Hilo halitishi, unabonyeza kuendelea na inakuruhusu. Alama zilikuwepo, mitihani ya miaka mitano ilikuwepo, na zilikuwepo picha za mazishi ya baba yake ambazo hakuwa amezitaja kabisa mpaka alipoziona.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hilo kava linakinga nini?"

Halikingi kitu, mwalimu. Linatafsiri na kulisha.

Kulisha ndiko watu wanakokusahau, na nusu ya lawama zinazoletwa kwangu kuhusu "kava bovu" zinaanzia hapo. Diski haina betri. Ikiwa ndani ya kompyuta inalishwa na kompyuta; ikitoka, chakula chake kinapita kwenye waya uleule wa USB. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900, yote kwa volti 5. Sasa diski ya laptopu, ile ya inchi 2.5, inapoanza kuzungusha sahani zake inaweza kutaka karibu ampea nzima kwa muda mfupi, kama bajaji inayopanda mlima ikiwa imejaa. Ikikosa, inalia tik, inanyamaza, inalia tik tena. Mteja anasema diski imekufa. Badilisha tundu, au tumia waya mfupi na mnene zaidi, au ule wenye vichwa viwili vya USB unaokula matundu mawili kwa pamoja, na mara nyingi inaamka. Waya mrefu mwembamba wa bei ya chini ni adui mkubwa wa makava kuliko vumbi la kiangazi.

Diski ya kompyuta ya mezani, ile nene ya inchi 3.5, haiwezi kuishi kwa chakula cha USB ya kawaida hata uifanyeje. Mota yake inataka volti 12, kwa hiyo kava lake huja na adapta ya ukutani, nyingi zimeandikwa volti 12 ampea 2. Hapa nina kisa changu. Miaka ya mwanzo nilipoteza adapta ya kava moja, nikachukua nyingine mezani iliyokuwa na kichwa kinachoingia vizuri. Ilikuwa ya laptopu, volti 19. Hakukuwa na mlipuko wala cheche, ni harufu tu ya plastiki iliyopashwa, na diski ya mteja haikuzunguka tena siku hiyo wala nyingine. Nililipa. Tangu hapo siangalii kama kichwa kinaingia, nasoma maandishi ya mgongoni.

Kabla ya kununua, jua diski yako inaongea lugha gani. Laptopu na kompyuta za mezani za miaka kumi na mitano iliyopita nyingi zina SATA. Za zamani zaidi, za kabla SATA haijaenea, zina IDE, ambayo badala ya meno bapa ina sindano nyingi zilizosimama katika mistari miwili. Kava la SATA halitaisikia, unahitaji la kwake. Laptopu mpya nyembamba zina SSD, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka, iliyo kama ubapa wa bazoka, inayoitwa M.2. Hii ndiyo inayowachanganya hata mafundi, kwa sababu M.2 ni umbo, si lugha. Ndani ya umbo hilo kuna zinazoongea SATA na kuna zinazoongea NVMe, na kava la moja si lazima lisome nyingine. Yapo makava yanayojua lugha zote mbili, na kama hujui uliyo nayo, hayo ndiyo ya kununua. Na kuna laptopu ambazo kumbukumbu yake imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi. Huko hakuna cha kuvuta, na kava halina msaada.

Unene nao. Diski za inchi 2.5 nyingi ni milimita 7 au 9.5. Ya milimita 7 ndani ya kava la 9.5 itachezacheza, weka kipande cha sponji kinachokuja nacho. Ya 9.5 kwenye kava la 7 haifungi, usilazimishe.

Kasi wala haina mambo mengi. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, na USB 3.0 ni gigabiti 5. Mezani kwangu, kwa diski ya kuzunguka, hiyo inakuwa kama megabaiti 35 kwa sekunde dhidi ya 100. Mpiga picha wa harusi anayehamisha gigabaiti 300 atasubiri zaidi ya saa mbili kwenye ya kwanza, na chini ya saa moja kwenye ya pili. Tundu la USB 3.0 kwa kawaida lina ulimi wa bluu ndani, na waya wake una kichwa kipana chenye pengo upande wa kava. Ukichomeka kava jipya kwenye tundu jeusi la zamani litafanya kazi, ila kwa mwendo wa tundu.

Tukirudi kwa yule mjukuu, hawezi kumsemea bibi aliyezirai. Diski iliyoanguka ikawa inagonga tak-tak-tak hata kwenye kava lenye umeme wa kutosha, vichwa vyake vya kusomea vimeumia, na kila dakika unayoiacha inazunguka unazidi kukwaruza sahani zenye data. Chomoa. Usiifungue kuangalia ndani. Vile vichwa vinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko moshi wa sigara, na vumbi la barabara ya Mbeya kwake ni mawe. Hiyo ni kazi ya maabara yenye hewa iliyochujwa, na gharama yake si ya kitoto.

Vilevile kava halifungui kufuli. Laptopu nyingi za Windows siku hizi zinafunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kutambua. Ukiichomeka kwenye kava itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu, kwa hiyo ile barua pepe uliyofunguliwa na kijana wa stesheneri ukaisahau ndiyo itakayokutafuta usiku.

Na ukiona ujumbe unaosema diski inatakiwa kufomatiwa, yaani kufutwa na kupangwa upya, kabla ya kutumika, bonyeza hapana. Nimeona mama wa kwaya akibonyeza ndiyo kwa heshima tu, kwa kuwa kompyuta imeuliza vizuri. Mara nyingine ujumbe huo unakuja kwa sababu diski ilitoka kwenye Mac au Linux, na Windows haielewi mpangilio wake. Data ipo, nzima kabisa.

Kijana mmoja wa chuo aliniuliza kama Mbeya iko juu mno kwa hadidiski. Swali lina akili kuliko linavyosikika, maana vichwa vinaelea juu ya hewa na huku hewa ni nyepesi. Lakini watengenezaji wengi wanaweka mpaka kwenye mita 3,000 hivi. Jiji letu liko kama mita 1,700, na hata Mlima Rungwe haufiki 3,000. Kopi harusi zako bila wasiwasi.

Makava nayo yanakufa, na hapo hadithi inageuka. Mwaka jana mwalimu wa Uyole alirudi, safari hii na lilelile kava nililomuuzia, ambalo amekuwa akilitumia kuhifadhi mitihani. Halikuwaka. Alikuwa ameshakata tamaa, anasema sasa imekufa kweli. Nikatoa diski, tundu la USB la kava likawa linacheza kama jino la mtoto. Alikuwa akilichomoa kwa kuvuta waya. Nikaichomeka kwenye kava jingine. Mtetemo uleule, taa, herufi.

"Kwa hiyo aliyekufa ni mkalimani," akasema.

Akanunua mwingine, na mara hii akachagua wa bati.