Chembe za hewani mjini: zinazosemwa na zilivyo

Dhana: Kila chembe hewani imetoka ikiwa tayari kwenye bomba la gari au dohani.

Ukweli: Nyingi huzaliwa humohumo hewani. Mafuta yenye salfa yakiungua hutoa gesi ya salfa dioksidi, ambayo mchana wa jua hugeuka mvuke wa asidi. Molekuli chache za asidi hiyo hushikana na amonia na maji, ikapatikana chembe ya nanomita moja au mbili (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Nyingi hazidumu: huvukiza, au humezwa na chembe kubwa. Zinazonusurika hunenepeshwa na mivuke mingine, ya petroli, ya rangi za kupaka, hata ya miti, na ndani ya saa kadhaa zinafika nanomita 50 au zaidi. Ndiyo maana hewa yenye vumbi jingi wakati mwingine huzaa chembe changa chache, maana wakubwa wamekwisha kuufyonza mvuke wote.

Dhana: Hewa ikionekana safi, ni safi.

Ukweli: Tazama mwale wa jua unaopenya dirishani. Vumbi linalocheza mle ni majitu. Zisizoonekana, ziitwazo PM2.5, ni chembe za kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 (mikromita ni nanomita elfu moja), na unywele una kama 70. Macho hukosea kinyume pia: asubuhi yenye unyevu chembe za salfeti, yaani chumvi za ile asidi ya salfa, hunywa maji zikavimba, mji ukafifia; hewa ikikauka zinasinyaa, mji unaonekana tena, na chembe ni zilezile.

Dhana: Mvua ikinyesha, hewa imeoshwa.

Ukweli: Nusu nusu. Vumbi kubwa hugongwa na matone. Chembe ndogo mno nazo hutangatanga hadi zikanasa kwenye matone. Lakini za kati, mikromita 0.1 hadi 1, hupitishwa na hewa kando ya tone bila kuguswa, na zinaweza kuelea siku kadhaa.

Dhana: Gari la umeme halitoi chembe.

Ukweli: Halina moshi, matairi yanasagika kama kawaida.

Dhana: Chembe haibadiliki tangu itoke.

Ukweli: Masizi ya dizeli hutoka kama mnyororo wa vijipira. Baada ya saa kadhaa yamepakwa asidi na mivuke, mnyororo umejikunja kuwa donge linalovuta maji. Nitrati ya amonia, chumvi ya amonia na asidi ya nitriki, ndiyo kigeugeu hasa: usiku wa baridi ni chembe, joto la mchana likipanda inarudi kuwa gesi.