Oksijeni Ilipanda, Vifo Navyo Vikapanda

Kuna jambo moja katika chumba cha wagonjwa mahututi ambalo huwashtua ndugu. Muuguzi anachukua utepe wa kupimia, anaunyoosha toka kisiginoni hadi utosini mwa mtu aliyelala hajitambui, kisha anaandika namba kwenye faili. Wapo wanaotoka nje wakilia, wakidhani mtu wao anapimiwa jeneza. Huwa nawafuata koridoni kuwaambia kwamba anapimiwa pumzi.

Mapafu hushindwa kazi ghafla kwa sababu nyingi: nimonia kali, maambukizi yaliyoenea kwenye damu, matapishi yaliyoingia njia ya hewa, ajali mbaya. Vifuko vidogo vya hewa huanza kuvuja na kujaa majimaji, na oksijeni hukosa pa kupita kuingia kwenye damu. Hali hii, ambayo kwa kifupi cha Kiingereza huitwa ARDS, ilielezwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1967, kwa kuangalia wagonjwa 12 tu. Dawa ya kuziba uvujaji huo hatuna mpaka leo. Tunachofanya ni kumshikilia mgonjwa kwa mashine ya kupumulia hadi mapafu yapone yenyewe, na kwa miaka mingi hatukujua kuwa tunamshikilia kwa nguvu mno.

Mtu aliyetulia huvuta kama mililita 7 hadi 8 za hewa kwa kila kilo ya mwili. Sisi tulikuwa tukimpulizia mgonjwa 10 hadi 15. Hoja ilikuwa na mantiki: pumzi kubwa huingiza oksijeni, huondoa kaboni dioksidi, na vipimo vya damu vinarudi vikiwa safi. Nani agombane na vipimo safi?

Kundi la hospitali za Marekani lililoitwa ARDS Network likaamua kugombana navyo. Wagonjwa 861 waligawanywa kwa bahati nasibu, mithili ya kurusha sarafu: hawa mililita 12 kwa kilo, wale 6. Siku za mwanzo, waliopewa pumzi kubwa ndio waliokuwa na oksijeni nzuri zaidi. Daktari yeyote aliyepita kati ya vitanda vile angeapa kwamba tiba ni hiyo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2000, kundi la pumzi kubwa lilikuwa limepoteza asilimia 39.8 ya wagonjwa wake, na kundi la pumzi ndogo asilimia 31.0. Tofauti ni karibu watu 9 katika kila 100, na hao hawakuonekana popote kwenye kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni.

Sababu ni hii. Pafu lililoumia halijazwi sawasawa kama puto. Sehemu kubwa imejaa maji na haipokei hewa. Kilichobaki kizima ni kidogo, kiasi kwamba wataalamu hukiita pafu la mtoto, ingawa kimo kifuani mwa mtu mzima. Hewa yote unayopuliza hukimbilia huko. Kipande hicho hutanuka kupita kiasi, huchubuka, huvimba, na kemikali za uvimbe huo humwagika kwenye damu zikaenda kuumiza viungo vingine. Mgonjwa anaweza kufa figo zimegoma huku oksijeni yake ikisomeka vizuri.

Na utepe je? Kilo ninazozitaja si za mizani. Ukubwa wa mapafu hufuata urefu. Mtu akinenepa, mapafu hayanenepi naye. Mwanamke wa sentimita 160, kwa hesabu yetu, ana kilo 52, hata kama mizani inasema 95. Pumzi yake, kwa mililita 6 kwa kilo, ni mililita 315 hivi. Ukifuata mizani utampulizia 570, yaani karibu 11 kwa kilo, na utakuwa umerudi kule kule tulikotoka.

“Daktari, mnataka kumfanyia baba majaribio?” Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Lakini kabla ya mwaka 2000 kila mgonjwa alikuwa anafanyiwa jaribio. Tofauti ni kwamba hakukuwa na wa kulinganisha. Siku hizi, kwa kuwa mgonjwa hajitambui, aghalabu ndugu ndiye anayeombwa ridhaa, na akikataa, matibabu hayapungui hata kidogo. Mgonjwa akizinduka huulizwa mwenyewe kama aendelee au ajitoe. Juu ya watafiti kuna kamati huru inayofungua takwimu jaribio likiwa bado njiani. Jaribio la pumzi ndogo lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilishapatikana. Jingine, OSCILLATE, lilipima mashine inayotikisa hewa haraka haraka kwa vipumzi vidogo mno. Kwa nadharia lilipendeza sana. Lilisimamishwa baada ya wagonjwa 548, maana waliowekwa kwenye mashine hiyo walikufa asilimia 47, na wenzao 35.

Kilichookoa zaidi hakina mtambo wowote. Ni kumlaza mgonjwa kifudifudi. Inahitaji watu watano hivi: mmoja anakaa kichwani, ameshika mrija wa hewa na hauachi hata akiwashwa pua, yeye ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu. Mrija ukichomoka katikati ya kugeuza, dakika zinazofuata ni mbaya. Jaribio lililofanyika hasa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013 liliwalaza hivyo wagonjwa walio katika hali kali, angalau saa 16 kwa mkupuo. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 16.0, dhidi ya 32.8 ya waliolala chali. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa hata ambao oksijeni yao haikupanda walinufaika. Uzito wa pumzi ulikuwa umesambaa vizuri zaidi kifuani, basi.

Dawa nazo zina yake. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, mwaka 2020 katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida.

Kinachonikera ni kwamba jibu la mwaka 2000 halijafika kila kitanda. Utafiti wa nchi 50 uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta chini ya theluthi mbili ya wagonjwa hawa wanapewa mililita 8 kwa kilo au pungufu. Kwa hiyo ukiwa na ndugu kwenye mashine, muulize daktari: “Mmempima urefu? Pumzi yake mmeiweka ngapi?” Hilo si kosa la adabu. Wengi wetu tutakupeleka hadi kitandani tukuonyeshe namba yenyewe, imeandikwa kwa kalamu nene kwenye plasta, ikabandikwa ubavuni mwa mashine.