Kabla hujanunua domeini hamsini ili uje uziuze

Maswali yanayoingia kwenye dawati letu siku hizi mengi yanafanana. Kijana kaona video mtu anasema domeini, yaani majina ya tovuti kama vile voice.com, zinauzwa kwa mamilioni ya dola, ana laki tano zake mkononi, anataka kujua anunue majina gani. Naomba niliongelee hili soko kama lilivyo, maana hela inayopotea humo ni ya watu wa kawaida kabisa.

Kwanza hizo habari za mamilioni siyo uongo. Mwaka 2019 voice.com iliuzwa dola milioni 30, muuzaji ni kampuni ya MicroStrategy na mnunuzi ni kampuni ya Block.one. Mwaka 2023 Dharmesh Shah, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu ya HubSpot, alinunua chat.com kwa dola milioni 15.5 na baadaye ikaenda kwa OpenAI wenye ChatGPT, ilipofika Novemba 2024 ukiifungua inakupeleka ChatGPT. Lakini angalia nani ananunua: ni kampuni yenye hela ambayo inataka jina hilohilo, siyo linalofanana nalo. Jina haliuzwi kwa sababu ni zuri, linauzwa kwa sababu kuna mtu fulani analihitaji sasa hivi na ana uwezo wa kulipa, na huyo mtu huwezi kumtengeneza wewe.

Halafu kuna kitu wengi hawakielewi, domeini huimiliki moja kwa moja. Ni kama fremu ya Kariakoo, anayekuachia unampa kilemba halafu kodi unaendelea kuilipa wewe kila mwaka, usipolipa inaondoka. Kwa .com hiyo kodi ni kama dola 10 mpaka 20 kwa mwaka kutegemea umesajili kwa nani, na bei ambayo Verisign wanaosimamia .com wanawatoza kampuni za usajili imekuwa ikipanda, Septemba 2024 ilifika dola 10.26. Sasa piga hesabu: majina 100 ni zaidi ya dola elfu moja kila mwaka, na wazoefu wa hii biashara wenyewe huwa wanaongelea kuuza jina moja au mawili kati ya mia kwa mwaka, tena hao ni watu wenye majina mazuri waliyoyakusanya muda mrefu. Anayeanza leo na majina aliyoyabuni usiku mmoja asitegemee hata hilo moja.

Wimbi kubwa la sasa hivi ni .ai. Hiyo kiukweli ni domeini ya nchi, ni ya Anguilla, kisiwa kidogo kule Karibiani kilicho chini ya Uingereza chenye watu kama 16,000. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 kila kampuni ya akili bandia ikaitaka hiyo herufi mbili, na mwaka 2023 Anguilla ilipata kama dola milioni 32 kutokana na usajili, zaidi ya moja ya tano ya mapato yote ya serikali yao. Mwaka huohuo you.ai iliuzwa dola 700,000. Ila .ai inasajiliwa kwa miaka miwili siyo mmoja, na unalipa dola 140 na zaidi, kwahiyo kijana akichukua majina ishirini ameshatoa dola 2,800 kabla hajapata hata mtu wa kumuuliza bei. Aliyepata hela ya uhakika hapo ni Anguilla.

Na mawimbi haya yanashuka. Mwaka 2015 wawekezaji wa China waliingia kwa fujo kwenye majina mafupi, hasa namba tupu na ya herufi nne yasiyo na irabu, sababu yanafaa kuwa kifupisho cha maneno ya Kichina, bei zikapanda mara nyingi ndani ya miezi michache, watu duniani kote wakakimbilia kununua, 2016 ikashuka na waliochelewa wakabaki na majina ambayo hayana maana kwa mtu mwingine yeyote. Kuna .io pia, inayopendwa sana na kampuni za programu. Ile ni ya visiwa vya Chagos, eneo la Uingereza kwenye Bahari ya Hindi, na Mei 2025 Uingereza ilisaini mkataba wa kuvirudisha Mauritius. Kama kwa sababu hiyo msimbo wa IO utafutwa kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia domeini duniani, ni kuiondoa domeini yake taratibu, kawaida miaka mitano. Sisemi .io inakufa, nasema anayelipa maelfu ya dola kwa .io ajue hilo lipo.

Hata ile njia ya zamani ya kuweka matangazo kwenye domeini iliyokaa bure imedhoofika sana, mwaka 2025 Google ilianza kuwatoa watangazaji kwenye kurasa za aina hiyo mpaka mtangazaji mwenyewe achague kuwepo. Zamani hayo matangazo yalikuwa yanalipia kodi ya jina, sasa kodi inatoka mfukoni kwako.

Kosa baya kuliko yote ni kusajili jina la benki, kampuni ya simu au duka kubwa ukisubiri waje wakubembeleze. Hawabembelezi. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa unaitwa UDRP, mwenye alama ya biashara anapeleka malalamiko WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na alama za biashara, analipa dola 1,500, na akionyesha kwamba jina linafanana na alama yake, wewe huna haki nalo na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, linahamishiwa kwake bila wewe kulipwa hata senti. Mwaka 2024 WIPO ilipokea kesi zaidi ya 6,000. Angalia alama za biashara zilizosajiliwa BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya kabla hujalipia chochote.

Utapeli nao upo. Unatumiwa emeili na mtu anayetaka kununua domeini yako kwa dola elfu kumi, furaha tele, halafu anasema boss wake anataka cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani, dola 100 tu. Hiyo tovuti ni yake. Ukishalipa humuoni tena. Mnunuzi wa kweli haombi cheti, anaomba bei, na hela inapita kwenye huduma ya kati kama Escrow.com inayoishika mpaka jina lihamie kwake. Usimpe mtu namba ya siri ya kuhamisha jina (auth code) kwa sababu kakutumia screenshot ya muamala.

Kwa mwenye biashara ndogo mimi nataka ulinde ulichonacho kwanza. Nenda kaangalie domeini yako imesajiliwa kwa jina la nani na emeili ya nani, maana wengi tunaowaona imesajiliwa kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti na hapatikani tena. Washa ile ya kujilipia yenyewe kila muda ukiisha (auto-renew). Ikiisha muda wa .com kampuni ya usajili inaweza kukupa siku kadhaa, baadaye kuna siku 30 za kuikomboa kwa bei ya juu, halafu siku tano inasubiri kufutwa, na ikiachiwa kuna programu za watu zinazoidaka sekunde hiyohiyo. Saa nyingine inapigwa mnada hata kabla haijafika huko. Ukija kuitaka unalipa kilemba kwa jina lako mwenyewe.

Na kama jina unalolitaka kwenye .com lina mtu anayetaka dola elfu tatu, usikope. Muandikie mara moja kwa heshima, taja bei unayoweza, akikataa angalia .co.tz au .co.ke, bei yake ya kusajili ni ya kawaida na wateja wako wa Mwanza au Kisumu wameshaizoea.