Bandia si ghushi

Juzi tumekaa barazani Kibokoni, Mombasa, simu inapita mkono kwa mkono. Kwenye kioo kuna kazi ya Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972: mwanamke wa wino na vipande vilivyokatwa majaridani, nusu mtu, nusu mmea, nusu pikipiki. Kijana mmoja akaitupia jicho, akatoa hukumu: "Mwili bandia huo, feki tu." Wenzake wakaitikia.

Bandia ni kitu kilichoundwa na mtu kwa mfano wa kitu cha asili. Basi. Nia ya kudanganya haimo. Udanganyifu una neno lake, ghushi, kutoka Kiarabu, nalo ni neno la sokoni: maziwa yaliyotiwa maji, dhahabu iliyochanganywa shaba.

Bandia nililijua kabla sijajua kusoma. Nyanya yangu alikuwa akifunga vitambaa vya leso kuukuu, anavitia macho ya uzi: mtoto wa bandia. Dada zangu walimbeba, wakamwogesha, wakamtafutia mchumba. Hakuna aliyelia kuwa katapeliwa. Mzee mwenye meno ya bandia naye hamwibii mtu. Anatafuna mahamri yake kwa amani. Lililotuharibia neno ni "noti bandia" na "dawa bandia" za taarifa ya habari. Hizo ni ghushi, lakini nani atamsahihisha msomaji wa habari? (Na wanaosema "akili bandia" wasione haya, hawajaitukana kompyuta.)

Hiyo "asili" anayoitetea kijana nayo haijanyooka. Umbo, maumbile, Muumba: vyote vimetoka katika kuumba. Mwili wa mtu na miti ya porini vinagawana mzizi mmoja, ndiyo maana mwanamke anayeota majani mabegani hanishangazi. Na hapa petu, mtazame bibi harusi. Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa; piko jeusi aghalabu ni rangi ya nywele ya dukani. Vyote viwili vinakaa kwenye mkono mmoja, vimechora maua yasiyoota shamba lolote, na wageni wanausifu mkono.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiuita mwili ule wa bandia sikukatazi, umepatia kuliko ulivyodhani. Hiyo "feki" tu ndiyo uiondoe. Ukishikilia kuwa pana udanganyifu, sema ghushi, kisha utuonyeshe aliyedanganywa.